Macho ya Bi Zuhura, Mikono ya Bwana Athumani

Juzi tumemzika Bi Zuhura, na kabla jeneza halijaondoka msikitini nilikuwa nimeshagombana na vijana watatu. Mmoja alinishika kiwiko kwa adabu akaniambia, "Mzee, kaa pembeni, wacha sisi tubebe." Wa pili akasema, "Buda, hii ngazi itakumaliza." Wa tatu alininyooshea tu kiganja kunizuia, na huyo ndiye aliyenikera kuliko wote. Nina miaka sabini na sita, sukari ninayo, miwani ninayo, lakini bega langu la kulia ni zima kuliko la kijana yeyote aliyesimama pale. Nikawaambia nataka upande wa kulia, mbele kabisa, na anayetaka kunitoa anitoe kwa nguvu. Wakatazamana. Pengine walidhani mimi ni ndugu wa marehemu, au nimechanganyikiwa kwa msiba. Sikuwa na nafasi ya kuwaeleza, kwa hiyo naeleza hapa, maana jambo lenyewe linahitaji mtu akae kitako.

Mwaka wenyewe ni sabini na mbili. Nilikuwa mchoraji wa mabango, na sisemi kwa majivuno nikisema kwamba ukitembea mjini kutoka Biashara Street hadi River Road ulikuwa husomi duka bila kunisoma mimi. Kinyozi, duka la dawa, hoteli ya chapati, wote walikuwa na herufi zangu juu ya mlango. Haya basi, majivuno kidogo yapo. Nilikuwa nimepanga chumba Kangemi, chumba cha mabati chenye kitanda, jiko la mkaa na makopo ya rangi yaliyopangwa ukutani mpaka usingizini nilikuwa nanusa tapentaini. Mwezi wa sita, kwenye baridi ile inayouma masikio, nilikuwa Westlands juu ya ngazi nikiandika jina la duka la viatu, ngazi ikateleza kwenye sakafu yenye umande. Nilianguka kwa ubavu wa kushoto. Niliinuka, nikajipangusa, nikamalizia herufi mbili zilizobaki, na jioni watu walinisifu kwa uanaume wangu. Ujinga mtupu! Wiki mbili baadaye mkono wa kulia, ule ambao haukuguswa na sakafu, ulianza kukataa kupanda. Kwanza ulikwama usawa wa sikio, kisha usawa wa bega.

Sasa mchoraji wa mabango asiyeweza kuinua mkono ni nini? Ni mtu wa kuandika "Usikojoe Hapa" kwenye kuta fupi. Na mwaka ule ndio Bwana Hirji, mwuza vitambaa wa Biashara Street, alikuwa anafungua duka jipya Westlands, ghorofa mbili, na ukuta wote wa mbele alikuwa ameniahidi mimi. Herufi zenye kimo cha mtu mzima, nyekundu zenye kivuli cha dhahabu. Kazi kama ile ilikuwa haijampata mchoraji yeyote mweusi niliyemjua, na mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu Kangemi mpaka mama wa mboga. Duka lilikuwa lifunguliwe Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi. Nilijaribu mkono wa kushoto nyumbani, kwenye kipande cha mbao, na herufi H ikatoka imelala chali. Nililia siku hiyo, peke yangu, nimekaa juu ya kopo la rangi.

Hospitali nilikwenda, ile kubwa ya kule mlimani. Walinipiga picha, wakaniambia mfupa haujavunjika, wakanipa vidonge na mazoezi ya kufanya, wakaniambia nirudi. Walinitendea vizuri, kosa ni langu: mazoezi niliyaona ya kitoto nikayaacha siku ya tatu. Nilitaka mtu wa kunitengeneza siku moja. Na hapo Kangemi alikuwepo, nyuma ya soko, jamaa mnene aliyejiita Daktari wa Mishipa. Watu walipanga foleni nje ya chumba chake, na kila dakika chache ulisikia mtu analia ndani, mayowe ya kweli. Unajua sisi tulisemaje tuliposikia yale mayowe? Tulisema, "Huyu anajua kazi." Kadiri mtu alivyolia ndivyo foleni ilivyofurahi. Dawa chungu ndiyo dawa, na mkandaji asiyekutoa machozi anakula pesa yako bure. Ndivyo tulivyoamini wote, na mimi nilikuwa wa kwanza. Zamu yangu ilipofika hakuniuliza jina, hakuniuliza nilianguka vipi. Alisema, "Hii kitu natengeneza leo leo," akanilaza chini, akatia kisigino chake kwapani mwangu akavuta mkono kwa mikono miwili. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilimwongezea wateja kumi. Nilitoka pale nikijisifu kwamba nimetibiwa. Kesho yake mkono haukupita kifua.

Ni Bwana Hirji aliyenionyesha njia, na hakuwa na huruma alipofanya hivyo. Nilikwenda dukani kwake kumdanganya kwamba niko sawa, nikasahau nikampa mkono wa kushoto kumsalimia. Akanitazama juu ya miwani. "Fundi, kono yako iko kufa," akasema. "Mimi nangoja mpaka Ramadhani naanza. Halafu mimi naita ile fundi ingine." Nilipokuwa nageuka akaniita tena, sauti imeshuka. Mkwewe alikuwa amejifungua, na kulikuwa na mama mmoja wa pwani aliyekuja kumkanda kila asubuhi, siku arobaini, mpaka mgongo wake ukarudi. "Hapana fanya kelele," akasema. "Bibi yangu anasema hakuna hata moja nalia." Mimi moyoni nikasema, kama hawalii basi hajui kitu. Lakini nilikuwa sina pengine pa kwenda.

Bi Zuhura alikaa juu ya duka la magodoro, karibu na River Road, vyumba viwili vinavyofunguka kwenye roshani ya mbao. Ulipanda ngazi ya nje iliyolia kila kidato, na ulipofika juu ulikuwa umeshashiba harufu: iliki, mafuta ya nazi, mbaazi zinazochemka. Mumewe, Bwana Athumani, alipika mahamri kwenye hoteli ya jirani, na nyumbani pia alikuwa hatui. Nilimkuta ameinamia beseni la unga, mikono imezama mpaka viwiko, mikono minene ajabu kwa mtu mfupi vile. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta mchele. Nikatoa shikamoo, nikaeleza shida yangu yote kwa pupa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila kuinua macho, "Pole mwanangu. Mimi nakanda wazazi, wanawake waliojifungua. Mwanamume simgusi, hata akiwa anakata roho." Nikasema, lakini Bi Zuhura. Akasema, "Lakini hakuna. Kunywa chai, uende zako salama." Nilikunywa chai, nikaaga, nikashuka.

Nilikuwa nimefika kidato cha nne au cha tano niliposikia, "Hebu we kijana! Rudi juu." Nikarudi. "Shuka tena." Nikashuka. "Panda." Nilipanda na kushuka ile ngazi mara nne, mwuza magodoro ananitazama kama mwendawazimu, na Bi Zuhura ameegemea roshani kashika ungo wake. Mwishowe akaniambia nivue viatu nimpe mumewe avipindue. Soli ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje mpaka karibu kutoboka, ya kulia bado mpya. "Bega lako halina kosa," akasema. "Wewe umeanguka kwa nyonga ya kushoto, na tangu siku hiyo unatembea unaikimbia. Mwili wote umeinama kuikimbia, na bega la kulia ndilo linalokushikilia usianguke. Limechoka. Ungekuwa wewe ungeinuka?" Mimi nilikuwa sijamwambia nimeanguka upande gani. Halafu akamgeukia mumewe, akasema maneno ambayo nimeyasikia kichwani miaka hamsini: "Bwana Athumani, nawa mikono."

Masikini Bwana Athumani! Aliapa hajui kumkanda mtu, anajua unga tu. Mkewe akamwambia kujua si kazi yake, kazi yake ni kusikia. Lakini siku hiyo hawakunigusa. Kwanza aliniuliza maswali mpaka nikachoka: nalala upande gani, ganzi ninayo vidoleni, homa ipo, choo napata vizuri. "Nani alikuvuta?" akauliza. Nilipomtaja yule Daktari wa Mishipa alifyonya kwa kirefu. Kisha akataka niende nipigwe picha nyingine, kwa sababu nilikuwa nimevutwa tangu ile ya kwanza. "Mimi naona ngozi na mwendo," akasema. "Ndani ya mfupa sioni, na anayekwambia anaona ni mwongo. Ukija na karatasi tutaanza. Mara saba, kila wiki mara moja. Ya saba ikipita bado hujapona, nitakwambia nimeshindwa, urudi kwa madaktari wako." Nilikuwa sijawahi kumsikia fundi yeyote, wa rangi wala wa miili, akitaja kushindwa kabla ya kuanza. Nilishuka ngazi nimekereka, nilitaka ahadi. Leo nasema hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yenyewe.

Picha ya pili nayo ikatoka safi, basi tukaanza, kila Jumanne alasiri. Mimi nalala kifudifudi kwenye mkeka, kifua wazi, shuka kiunoni. Bwana Athumani amepiga magoti kando yangu na kibakuli cha mafuta ya nazi. Bi Zuhura amekaa kwenye kigoda hatua tatu nyuma, mtandio kichwani, na ule ungo mapajani. Sikumbuki hata siku moja mikono yake kukaa bure. Alitazama mchele, akatazama mgongo wangu, akatazama mchele. "Shuka kidole kimoja. Kingine. Hapo. Usisukume." Bwana Athumani alisukuma. "Bwana wee, huyo si unga! Weka mkono ungoje. Ngoja mpaka nyama yenyewe ikufungulie." Na akangoja, jasho linamtiririka, na mimi nangoja, na kweli baada ya muda nilihisi kitu ndani ya paja kinaachia polepole, jambo ambalo sikulijua jina. Nikauliza mbona hawagusi bega. "Bega halijaniita," akasema. Wiki mbili nzima walishughulika na nyayo na mapaja yangu. Nilikuwa nakwenda nyumbani nimelegea, nina kiu isiyokatika, nalala saa kumi na moja jioni, na siku mbili zinazofuata naumwa sehemu ambazo zilikuwa haziumi. Alinionya yote hayo mapema. Akaniambia pia, "Ikiuma mpaka ukashika pumzi, sema. Kulia kwako hakunisaidii kitu." Na mimi, mtoto wa foleni ya Kangemi, nilikaza meno nisiseme, nikidhani naonyesha ushujaa, mpaka akamwamuru mumewe aondoe mikono. "Ukinificha maumivu unanifumba macho. Tutaacha hapa leo." Na akaacha kweli. Nilifukuzwa kwa ushujaa wangu!

Jumanne ya nne walifika kwenye nyonga yenyewe, na hapo lilitokea jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Bwana Athumani aliweka kiganja tu, hakukandamiza, na mimi nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Nililia lile anguko, nililia hofu ya kwenda kuwa mtu bure, kamasi likatoka mbele ya watu wale wawili. Bwana Athumani alishtuka akataka kujitoa. "Kaa," mkewe akamwambia, taratibu. Yeye akaendelea kupepeta. Nilipomaliza nilipewa mahamri matatu na bakuli la mbaazi, tukala sote, kisha Bwana Athumani akaanza kusimulia jinsi alivyounguza unga wa harusi ya watu siku moja, tukacheka mimi na yeye mpaka mwuza magodoro akagonga dari yake kwa ufagio.

Jumanne ya tano mkono haukupanda hata nukta moja zaidi. Na siku hiyo hiyo nilikuwa nimepita Westlands nikamwona mchoraji mwingine, mtu niliyemfahamu, amesimama mbele ya duka la Bwana Hirji anapima ukuta wangu kwa uzi. Nilifika River Road nimefura. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba ananichezea, kwamba kule Kangemi angalau mtu anafanya kazi ukamsikia. Nilimpandishia sauti mwanamke aliyenizidi umri, nyumbani kwake, naye mumewe amesimama na mafuta mkononi. Bi Zuhura hakukasirika. "Wiki hii umesimama miguu yote miwili," akasema. "Nimekuona ulipopanda ngazi na hasira zako. Mtu wa kwanza kujua hawezi kuwa wewe. Bado mbili." Niliona haya, nikaomba radhi. Jumanne ya sita ndipo bega lilipomwita. Bwana Athumani aliligusa kwa muda mfupi sana, nikaona wamenidharau.

Ya saba iliangukia siku chache kabla ya Ramadhani. Alikuwa amesema mapema kwamba mtu aliyefunga, asiye na maji mwilini, hakandwi. Nilifika nimeshakata tamaa nusu. Bi Zuhura alikuwa jikoni anahangaika na vyombo, Bwana Athumani hayupo, ameitwa hotelini. "Ah, umekuja. Hebu nipe ile sinia kwanza, mahamri yanapoa." Nikampa sinia. Akaipokea kwa ncha ya vidole, akaiweka chini, akainua macho juu. Nikayafuata macho yake. Sinia ilikuwa juu ya kabati, juu kabisa, karibu na dari, na nilikuwa nimeishusha kwa mkono wa kulia. Niliupandisha tena ule mkono, ukapanda. Nikaushusha, nikaupandisha, ukagusa dari, vidole vikatoka na masizi. Nilipiga kelele, Wallahi nilipiga kelele kuliko ile ya Kangemi, nikatoka jikoni mbio mpaka roshani nikawapungia watu wote wa River Road kama mheshimiwa. Bwana Athumani alikuwa anavuka barabara na mfuko wa unga begani. Aliniona, akautua pale pale katikati ya barabara, akainua ile mikono yake minene juu, na magari yakampigia honi. Ndani nilimsikia Bi Zuhura anacheka peke yake, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilimkimbilia Bwana Hirji siku ile ile, nikaingia dukani nikashusha robota la kitambaa kutoka rafu ya juu kabisa kwa mkono wa kulia. Alivua miwani. "Ile fundi ingine naandika nyuma," akasema. "Veve naandika mbele." Nilichora ukuta ule mwezi mzima wa Ramadhani, juu ya jukwaa la mbao, koo limekauka, na kila jioni nilifungua kwa tende huko huko juu, miguu inaning'inia, Westlands yote chini yangu. Diwali ilipofika na taa zao zikawashwa, zile herufi ziling'aa mpaka watu walisimama barabarani. Bi Zuhura alikuja kuona, ndani ya buibui lake, mumewe kando. Bwana Athumani alisoma herufi moja moja kwa sauti, machozi yanamlengalenga. Bi Zuhura hakuzitazama hata kidogo. Alinitazama mimi nikishuka. "Sasa unashuka ngazi vizuri," akasema, akamshika mumewe mkono wakaenda zao.

Nimepanda ngazi miaka arobaini baada ya hapo. Wanangu, na sasa wajukuu, wakiumwa viungo huniuliza waende kwa nani, maana siku hizi Westlands kila jengo lina mtu wa kukanda, ana vyeti ukutani na muziki wa maji. Vyeti ni vizuri, nawaambia, viangalieni. Lakini muulizeni huyo mtu ni nani aliyewahi kumkataa, na atajuaje kwamba ameshindwa. Akibabaika, chukueni viatu vyenu mwondoke. Wananicheka. Lakini huwa wanauliza.

Bwana Athumani alitangulia zamani. Jeneza lake pia nilibeba, tulikuwa vijana bado na hakuna aliyenizuia. Juzi ilikuwa zamu ya mkewe. Desturi ni kupokezana, unabeba hatua chache mwingine anaingia, na kila mara nyuma yangu nilisikia, "Lete mzee, lete." Sikuleta. Tulishuka ile ngazi ya msikiti na nikashuka vizuri. Tulikwenda mpaka makaburini, mti wa jeneza juu ya bega la kulia, na yule kijana aliyenizuia kwa kiganja akaishia kutembea kando yangu, ananitazama miguu. Yule mama aliuona mwili wangu mzima, akanirudishia mkono wangu na maisha yangu, na mkono wake haukunigusa hata siku moja; hata ile sinia aliipokea kwa ncha ya vidole. Juzi ndiyo mara ya kwanza nilihisi uzito wake. Ulikuwa mdogo sana. Ulikaa pale pale alipopatengeneza, nami nikambeba nimesimama wima, miguu yote miwili.